Shingo ya Mjukuu na Skrini ya Wanaume

Wanaume watatu wa boma langu waliondoka Jumamosi asubuhi kwenda Kericho mjini kumnunulia mjukuu wangu skrini ya kuunganisha na laptop, na huyo mjukuu wakamwacha nyumbani akiosha sufuria za maziwa. Laptop nayo waliiacha mezani. Nilisimama mlangoni nikawatazama wakishuka kati ya majani chai, mmoja nyuma ya mwingine, wamevaa makoti ya kanisa, na sikusema kitu. Hapo nilikosea, na sitajificha.

Wa kwanza alikuwa mwanangu mkubwa, ambaye anaamini kila kitu duniani kinanunuliwa kama ng'ombe. Wa pili alikuwa shemeji yangu, ndugu ya marehemu mzee wangu. Alikuwa karani kwenye kituo cha kununua majani chai, akastaafu, ila mdomo wake haujastaafu mpaka leo. Wa tatu ni mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho. Huyu aliwahi kununua televisheni miaka kadhaa iliyopita, na tangu siku hiyo amekuwa injinia.

Mjukuu mwenyewe nimemlea mimi. Alisoma mpaka chuo, akamaliza, akakaa miaka miwili akituma barua kwa watu wasiojibu. Mwaka huu akapata kazi ya kufanyia nyumbani. Ni kazi ya masikio. Kuna watu wako mkutanoni huko mbali, wanaongea, wanakohoa, wanakatizana, naye anawasikiliza na kuandika kila neno. Kando ya maandishi lazima afungue karatasi ndefu ya sheria zao, kwamba hapa weka nukta, hapa kikohozi usiandike. Walimpa wiki tatu za kumjaribu. Akikosea sana, kazi inapewa mwingine, na hao wengine wamepanga foleni.

Sasa laptop yake ni ndogo. Akifungua sheria, maandishi yanapotea. Akirudi kwa maandishi, sheria zinapotea. Na nyumba zetu huku mnazijua, tuna viti vya kuzama na meza fupi ya katikati ya kuwekea chai ya wageni. Meza ya kuandikia hakuna. Kwa hivyo alikaa kwenye kiti cha kuzama, laptop iko chini karibu na magoti, na shingo yake imening'inia mbele kutoka asubuhi mpaka jioni.

Mimi nilichuma chai zaidi ya miaka thelathini, kikapu mgongoni, macho kwenye kichaka. Leo shingo yangu haigeuki kushoto. Mtu akiniita kutoka upande huo nageuka mwili mzima kama lori. Nilimsomesha huyu msichana asije akainama kama mimi. Akasoma miaka kumi na sita, akarudi nyumbani, akainama.

Ndiyo maana alipotaja skrini nilisema pesa itoke kwenye bonasi yangu ya majani na hakuna mtu wa kuniuliza. Lakini kwetu kitu kikubwa hakinunuliwi bila wanaume kukaa. Wakaja, wakanywa chupa mbili za chai, wakakaa.

"Mimi nataka tu ya inchi ishirini na nne," mjukuu akasema. "Isiyong'aa. Iwe na stendi ya kupanda na kushuka, na waya wake uingie kwa shimo kama hili." Akageuza laptop awaonyeshe ubavuni.

Hakuna aliyetazama ubavu.

"Ishirini na nne?" mwanangu akashtuka. "Si hiyo ni ndama?"

"Mjomba, ni ya kuandikia tu."

"Wewe sikia," shemeji akaingilia. "Mimi nimepima majani ya watu tangu mama yako hajaolewa. Kitu kizuri kinajitangaza chenyewe. Kinang'aa."

"Babu, hii si majani."

"Kila kitu ni majani."

"Shida ya ishirini na nne," mkwe wangu akasema polepole, akiweka kikombe chini, "ni resolution."

Wote wakamgeukia. Nilimtazama vizuri. Lile neno alikuwa amelibeba kutoka kwa yule aliyemuuzia televisheni, na hajui mpaka leo linafunguliwa upande gani.

"Basi twende wote," mjukuu akasema. "Niende na laptop."

"Uende kufanya nini?" shemeji akamuuliza. "Hiyo ni biashara ya kuongea. Wakikuona wewe na hiyo haraka yako watapandisha bei."

Ndivyo ilivyokuwa hata siku za kujadili mahari. Wazee wanaenda kumzungumzia msichana, na msichana yuko jikoni anachochea moto. Basi mimi niliyeposwa hivyo hivyo, nikajua jinsi ilivyo, nilinyamaza tena.

Walirudi saa kumi na mvua. Mkwe alikuwa amelikumbatia boksi kama mtu aliyebeba bibi harusi, mwanangu akimfunika na mwavuli, shemeji akitembea mbele bila mzigo, kama kawaida yake. Walipolifungua, nikaona kitu kipana kuliko dirisha langu la jikoni, cheusi, kinang'aa kama ng'ombe aliyetoka kuogeshwa, tena kimepinda kama bati lililoonja upepo.

"Inchi thelathini na mbili," mwanangu akasema, na akalipiga hilo dude mgongoni mapigo mawili kwa kiganja, vile anavyopiga ng'ombe pale mnadani Mulot.

Wakatusimulia walivyolipata. Walilizunguka mara tatu. Walimwambia muuzaji alizime na kuliwasha ili waone kama linachelewa kuamka. Mkwe alijifanya anaondoka, akaitwa, akaondoka tena. Shemeji alilinusa. Kwa nini alilinusa, sikuuliza.

"Na mlijaribu na laptop gani?" nikauliza.

"Mama," mwanangu akacheka, "mtu akienda kununua ng'ombe, anabeba ndoo ya kukamulia?"

Wakaliweka juu ya kabati la vyombo, mahali pa heshima, ambapo mgeni akiingia tu analiona. Sahani zangu za maua zikashuka chini ya kitanda. Mimi nami nikaleta kitambaa cheupe nilichofuma mwenyewe, nikakitandika juu ya lile dude. Nilisema sitajificha. Akina mama wa chama chetu cha kuchangiana walikuwa wanakuja kwangu Jumatano, na nilitaka waone.

Shemeji akaliombea. Aliombea skrini, akaombea stima isikatike, akaombea taifa, akamshukuru Mungu kwa hekima ya wazee. Tulipofungua macho, mkwe akachukua waya na kuusogeza kwenye laptop.

Haukuingia. Waya ulikuwa na kichwa kipana kama jino la jembe, na shimo la laptop ni dogo kama jicho la kuku.

"Sukuma kidogo," mwanangu akasema.

"Si kusukuma, ni kuzungusha."

"Geuza hapo. Hapana, geuza wewe mwenyewe usimame upande huu."

"Anko, hiyo haiwezi kuingia," mjukuu akamwambia mkwe. "Ni shimo lingine kabisa."

"Ni baridi tu," shemeji akaamua. "Chuma kikipata baridi kinakaza."

Mwanangu akatoka mbio kwenye mvua. Nikafikiri amekwenda kutafuta fundi. Akarudi na mkebe wa mafuta ya kukamulia, yale tunayopaka chuchu za ng'ombe, kidole tayari kimo ndani.

Mjukuu alinyakua laptop yake na kukimbia nayo chumbani, akafunga mlango. Nyuma ya mlango sikusikia akilia. Nilisikia vidole vyake vikirudi kwenye kazi.

Siku ya pili, baada ya kanisa, aliazima kwa jirani mwalimu kile kidude kidogo cha kuunganishia waya mkubwa na shimo dogo. Skrini ikawaka. Wanaume, ambao walikuwa wamekuja kula mchana, walipiga makofi kana kwamba wameizaa. Mjukuu akafungua kazi yake, akakaa kwenye kiti cha kuzama, akatazama juu.

Na mimi nikakaa kando yake nitazame. Nilitafuta maandishi. Nilichokiona kwanza ni dirisha letu. Halafu majani chai ya nje. Halafu kuku wangu wawili wakapita katikati ya maneno ya mkutano wa watu. Halafu nikaona bibi mmoja mzee amekasirika, na ni mimi.

"Fungeni pazia," shemeji akaagiza.

Tukafunga pazia. Giza likaingia mchana, tukawasha taa. Sasa kwenye skrini kukawa na balbu.

"Sogea kushoto."

Akasogea. Balbu ikamfuata.

"Utazoea," shemeji akasema, akavuta sahani ya ugali karibu.

Na shingo je? Kabati la vyombo ni refu. Kabla ya hapo shingo ilikuwa inaning'inia chini. Sasa alikuwa ameinua kidevu juu kama kuku anayemeza maji, na kwa sababu kile kioo ni kipana, kichwa kinaenda kulia, kinarudi kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayetaka kuvuka barabara ya Bomet kwenda Narok siku ya soko. Nilihesabu moyoni miaka ambayo shingo kama hiyo inaweza kudumu. Si mingi.

Jumatatu alasiri alikuja jikoni, akasimama karibu na moto.

"Kogo," akaniambia, ndivyo wajukuu kwetu wanavyomwita bibi, "wamenirudishia kazi. Yote ya jana. Makosa ni mengi. Wamesema Ijumaa ndiyo mwisho wa kunijaribu, na kama ni hivi, hawataendelea na mimi."

Kurudishiwa nakujua. Umechuma tangu umande, umebeba mpaka kituoni, karani anamwaga majani yako juu ya meza, anageuza geuza kwa vidole, anasema, rudi nayo, yamekomaa. Shemeji yangu ameyasema hayo kwa wanawake wengi. Mimi mmoja wao.

"Kesho tunaenda mjini," nikamwambia. "Wewe, mimi, laptop, na hilo fahali lao."

Mwanangu aliposikia alikuja usiku huo huo kunizuia. "Mama, utatuaibisha. Duka limeandika ukutani kabisa, kitu kikiuzwa hakirudi."

"Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu," nikamjibu. "Ukuta sikufundishwa kusoma."

Tulikwenda na pikapu ya maziwa. Nilikaa mbele, skrini imefungwa kwa blanketi na iko magotini pangu, mjukuu katikati amekumbatia laptop. Tulipofika Kabianga dereva hakuweza kuvumilia tena.

"Mnapeleka mgonjwa?"

"Ndiyo," nikasema.

Dukani tulimkuta mwanamke wa makamo, kucha ndefu za rangi ya damu, ameketi nyuma ya kioo. Alipoona blanketi alijua.

"Shosh, karibu. Lakini hiyo haiwezi kurudi. Ilinunuliwa na wazee, waliifurahia sana. Mmoja hata aliinusa."

"Kwanza, mimi si shosh wako, sikumzaa mama yako, mimi ni mteja. Pili, sitaki kurudisha. Nataka kubadilisha."

"Ni kitu kimoja."

"Basi nitapumzika kidogo. Nimetoka mbali."

Nikaomba kiti. Hakuna mtu katika nchi hii anayeweza kumnyima bibi mzee kiti. Nikakiweka mlangoni kabisa, nikakaa, nikafunua blanketi, nikaiweka skrini magotini imetazama barabara. Nilifanya hivyo tu. Mtu wa kwanza kupita alikuwa kijana wa benki, akasimama mbele yake, akanyoosha tai. Halafu akaja mama mmoja, akatoa mafuta ya midomo, akajipaka, akageuza uso huku na huku, akanishukuru. Wa tatu alikuwa na kitana.

"Huyo mama anauza vioo?" mtu akauliza.

"Ni skrini ya kompyuta," nikamjibu kwa sauti ya kutosha. "Imenunuliwa hapa ndani. Njoo ujitazame, ni bure."

Mwenye kucha alitoka nyuma ya kioo chake.

"Mama," akasema, na nikasikia kwamba ushosho umeisha. "Ingia ndani tuongee. Unataka gani?"

"Bado sijui. Nitoleeni moja moja hapa mlangoni."

"Ndani kuna mwangaza mzuri zaidi."

"Ndani kuna mwangaza wenu. Majani hayapimwi gizani, na hatuna nyumbani taa kama hizi zako kumi na mbili."

Nikamkalisha mjukuu wangu kwenye kiti, nikamwekea stuli mbele, laptop juu yake. Wakaleta ya kwanza. Kila iliyoletwa, kitu cha kwanza nilichouliza ni waya. Kama hauingii, irudi ndani, hata kama inaimba. Zilizobaki akafungua kazi yake halisi, sheria upande huu, maandishi upande ule, akavaa vitu vya masikioni, akaandika.

"Andika kabisa," nikamwambia. "Usiandike kwa kuonyesha."

Mwenye kucha akaanza kunisomea sifa. Hii ina rangi milioni ngapi sijui. Hii vijana wanapigania vita ndani yake bila picha kukwama. Hii ni nyembamba kuliko kidole. Nikamwacha aseme. Mimi sikuwa natazama skrini. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mjukuu wangu, natazama shingo.

Watu wanapima kikapu cha chai kwa kukitazama kikapu. Hiyo ni kazi ya anayekiuza. Mchumaji anapima kwa kukibeba mpaka mwisho wa mstari, halafu mwenzake anamwambia, umepinda, badilisha mkanda. Basi nilimwacha kila mara muda wa mtu kunywa chai moto bila haraka. Skrini ya kwanza, kichwa kikaanza kutambaa mbele. Ya pili, bega la kulia likapanda karibu na sikio. Ya tatu ilikuwa nzuri mpaka jua lilipotoka wingu, nikaona amekunja macho.

"Hii hapa je?" nikauliza. Nilikuwa nimeiona kwenye kona, ina vumbi, nyeusi, haing'ai, mguu wake mnene.

"Hiyo? Hiyo imetumika, Mama, ilikuwa ya ofisi huko Ulaya. Ni ishirini na nne tu. Haina show."

"Show ni ya nani?"

Akaifuta vumbi. Waya ukaingia. Mjukuu akaivuta juu, akaishusha, mguu ukakubali, ukakaa pale alipouacha. Akaandika. Jua likatoka, likaingia, likatoka. Mimi nikangoja. Nilingoja kuliko zile nyingine, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuogopa kujidanganya. Shingo ilikaa juu ya mabega kama ilivyoumbwa. Halafu akafanya kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu aanze hiyo kazi. Akaegemea nyuma.

"Stima ikipotea?" nikamuuliza mwenye kucha.

"Inazima, Mama. Zote zinazima."

"Hiyo ni shida yetu. Mvua yetu inajulikana saa zake. Funga."

Yeye mwenyewe akaona hawezi kuchukua fahali akatupatia mbuzi hivi hivi. Akatuongezea waya mrefu na kurudisha pesa iliyozidi, huku akichungulia mlangoni kama kuna mwingine anayejitazama.

Nyumbani wanaume walikuwa wanangoja. Shemeji alizunguka ile skrini mara moja tu.

"Mmetoa ng'ombe mkaleta mbuzi," akasema. "Tena mbuzi mzee."

"Wewe hutamkamua," nikamwambia. "Kunywa chai."

Sahani zangu zikarudi kabatini. Mjukuu tulimpa meza yangu ya jikoni, ile ya kukandia unga, tukaigeuza mpaka dirisha likawa ubavuni mwake. Jumatano akina mama wa chama walikuja, wakakaa sebuleni, na hawakuona chochote cha kuonewa wivu. Ilinichoma kidogo, sikatai. Kupitia mlango wa jikoni nilikuwa nasikia vidole vyake.

Nilimwamsha siku zile tatu saa za wachumaji, kabla umande haujakauka, aandike mpaka saa nane, kabla radi haijaanza na stima kuondoka. Kila nilipopita na ndoo nilimgusa kisogo kwa kidole. Naye akanyoosha shingo.

Ijumaa aliniita. Sikuweza kusoma kilichoandikwa, ilikuwa Kiingereza, lakini niliyaona maandishi vizuri kutoka pale niliposimama, bila kuku hata mmoja.

"Wamenichukua, Kogo. Miezi mitatu, halafu watanitazama tena."

"Na wewe jitazame," nikasema. "Umeanza kuinama kwa furaha. Kaa sawa."

Jumapili, nje ya kanisa, nilimsikia shemeji akiwaeleza watu. Alisema kazi hizi za kompyuta zinataka skrini nzuri, na kwamba wao kama wazee wa boma walishughulika sana, walikwenda mpaka mjini. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mwanangu alikuwa kando, na mkwe kando, wanatikisa pia. Niligeuka kumtazama shemeji. Kwa vile alikuwa upande wa kushoto, niligeuka mwili mzima, na waliokuwa njiani wakanipisha.

"Waambie na ile habari ya mafuta ya kukamulia," nikasema.